Sauti Isiyovuta Pumzi

Ukiwa chini ya kisima hunyamazi. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yetu. Aliye chini anaongea, aliye juu anasikiliza. Ukinyamaza, aliye juu hakuulizi una nini. Anabonyeza winchi na kukuvuta, hata kama umebakiza jiwe moja kumaliza kazi, kwa sababu hewa mbaya haikuumizi. Inakulaza tu.

Tuna kifaa tunachokiita panya, kinashuka kwanza kunusa hewa. Sheria inataka hivyo. Lakini panya wetu alisema hewa ni safi siku ile mwenzangu Amoni alipolala huko chini na asiamke. Tangu hapo panya anashuka kwa ajili ya sheria, na sisi tunaamini sauti.

Siku barua ilipofika nilikuwa mita kumi na saba chini ya kisima cha zahanati ya Mlali, naongea. Juu alikuwa Nyemo, mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, anasubiri kujua ataenda wapi. Alianza kunisikiliza kwenye mdomo wa kisima akiwa na miaka tisa, kila likizo.

"Udongo umebadilika hapa," nilikuwa nasema. "Changarawe. Jana nilikula maharage ya mama yako, hayakuiva, usimwambie. Kuna ufa upande wa mashariki, unaingia kidole. Hapana, viwili."

"Mjomba," akaita. "Barua imekuja."

"Ya nani?"

"Ya Sikio. Wamenichukua."

Nilinyamaza. Sikukusudia. Sijapumua hata mara tatu, winchi ikalia, kamba ikanibana kwapani, nikapanda juu kama gunia la karanga, mguu mmoja hauna kiatu. Nilipofika juu Nyemo alikuwa amekamata kamba kwa mikono yote miwili, ingawa winchi haihitaji mtu wa kuisaidia.

"Umenyamaza," akasema.

"Nilikuwa nafikiri."

"Huko chini mtu anafikiri kwa sauti. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Haya. Nionyeshe hiyo barua."

Akaniinulia mkono, maandishi yakawaka juu ya kiganja chake. Nikayasoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Jina lenyewe lilikuwa refu, Mpango wa Maandalizi ya Chuo Kikuu, lakini nchi nzima wanauita Sikio. Wengine humaliza kidato cha tano na sita kwa miaka miwili. Watoto wa Sikio, ndani ya miaka hiyo hiyo miwili, humaliza na miaka mitatu ya chuo kikuu juu yake. Wilaya yetu ilikuwa imepata nafasi nne. Nyemo alikuwa wa nne.

"Hongera," nikasema.

"Sijasema nakwenda."

"Sijasema uende. Nimesema hongera. Nipe kiatu cha akiba, kile kingine kimebaki chini."

*

Waliotupokea Dodoma walikuwa watu wapole. Mkubwa wao aliitwa Bi Kivuyo, mwanamke mwembamba mwenye nywele za kijivu, na alituzungumzia kwa maneno ya kawaida, jambo lililonifanya nimheshimu.

"Ubongo una mlinzi mlangoni," alituambia. "Kila jambo jipya linasimamishwa na kuulizwa: wewe nani, umetoka wapi, nikuamini kwa nini. Ndiyo maana kujifunza kunachosha. Lakini kuna sauti moja au mbili duniani ambazo mlinzi akizisikia anakaa pembeni. Sisi tunaitafuta sauti hiyo. Tunaipa punje, na punje inafundisha kwa sauti hiyo."

Akatuonyesha punje yenyewe kwenye kisahani. Ilikuwa ndogo kama punje ya uwele. Hukaa nyuma ya sikio, chini ya ngozi.

Walimkalisha Nyemo kwenye kiti, wakamvika kofia ya nyuzi, wakamfumba macho. Dada yangu Lea akasoma ukurasa mmoja. Lea ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, husoma kama maji yanavyotoka bombani. Mstari kwenye kioo ulicheza juu chini. Kisha wakanipa mimi ukurasa ule ule. Niliacha shule darasa la tano. Nikasoma kwa kufuata maneno kwa kidole, nikakwama mara nne, na neno moja nililiruka kabisa.

Mstari ukalala, ukatulia kama maji kwenye beseni.

"Mashine imekosea," Lea akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kusoma."

"Hatupimi aliyemfundisha, mwalimu," Bi Kivuyo akajibu. "Tunapima anayesikilizwa."

Lea akaenda dirishani akasimama huko, kama mtu anayetazama kama mvua inakuja. Ilikuwa mwezi wa nane. Nilitaka kumwambia pole, lakini sijui kusema pole kwa mtu niliyemshinda. Sijawahi kumshinda mtu katika jambo la shule.

Ndipo Bi Kivuyo akatupa masharti. Kwa miaka miwili Nyemo asisikie sauti yangu halisi. Ubongo ukisikia sauti mbili za mtu mmoja, unaanza kulinganisha. Ukilinganisha, mlinzi anaamka. Hapo punje inatolewa, na hairudishwi.

"Hata kwenye simu?" nikauliza.

"Hata simu."

"Nikikohoa?"

Akafikiri kweli kabla ya kujibu. "Kikohozi si kibaya sana. Usizidishe."

"Na baada ya miaka miwili?"

"Wengi wanarudi kama zamani. Mmoja kati ya kumi anatuambia kwamba mtu wake, akiongea, anasikika kama jirani. Si adui. Jirani tu."

Fomu ilitaka vidole gumba vitatu: cha mtoto, cha mzazi, na cha mwenye sauti. Lea aliweka chake palepale, machoni bado kumelowa. Nyemo akanitazama. Nikasema tuangalie kwanza kama hiyo sauti itakaa, halafu tutaweka vidole. Bi Kivuyo akakubali. Alisema hakuna anayeweka punje bila kujaribu kwanza kwa kifaa cha kuvaa nje ya sikio.

*

Walinifungia siku mbili kwenye chumba chenye kuta za sponji. Nilisoma maneno. Si sentensi, maneno tu, na sauti nyingine ambazo si maneno. Kijana wa mitambo aliniambia wakishapata hizo, mashine inaweza kunisemesha lolote. Siku ya tatu walinisikilizisha.

Nilijisikia nikieleza jinsi maji yanavyopita kwenye mwamba, kwa hesabu zenye herufi. Sauti ilikuwa yangu, hata ule ukwaruzo wa vumbi la miaka thelathini. Sikuelewa nilichokuwa nasema. Kisha sauti yangu ikasema, "Vizuri sana, Nyemo. Umefikiri kwa makini."

Sijawahi kumwambia mtu yeyote vizuri sana. Kazi ikiwa nzuri nasema haya. Nilikaa pale na kujisikia nikiwa mtu mzuri kuliko nilivyo, na sikujua nifurahi au niombe wazime.

Jumanne wakamvalisha Nyemo kifaa. Dakika ya kumi na moja alikivua akakitupa mezani, akatoka nje mbio, akakaa chini kwenye changarawe za uwanjani. Bi Kivuyo alimletea maji, akamwachia nusu saa, wakajaribu tena. Safari ya pili ilikuwa dakika nane.

"Sielewi," Bi Kivuyo alituambia mimi na Lea. "Kichwa kinasema ndiyo, mwili unasema kuna moto. Sijawahi kuona." Akatazama karatasi zake. "Ana mpaka Ijumaa. Baada ya hapo lazima nafasi nimpe anayefuata. Samahani."

Mimi nilielewa. Nilielewa tangu dakika ile alipotoka mbio.

Kijana wa mitambo alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa fahari, kwamba wanaosha sauti. Wanaondoa mate, wanaondoa mikwaruzo ya kiti, wanaondoa pumzi. Pumzi zinakula muda, alisema. Ukiziondoa, mtoto anapata saa nzima ya ziada kila siku. Kwa hiyo sauti ile ilikuwa inaongea, inaongea, haivuti hewa.

Nyemo amesimama juu ya visima miaka minane. Watu wanadhani anasikiliza maneno yangu. Maneno yangu ni maharage na changarawe. Anachosikiliza ni pumzi. Mtu hewa ikimwishia anaendelea kuongea bado, tena anaongea sana, ila pumzi zinakuwa fupi, zinapotea, halafu ananyamaza. Mara mbili amenivuta juu nikiwa bado namwambia mimi mzima.

Walikuwa wamemwekea sikioni mtu anayekufa, wakamwambia ajifunze hesabu kwake.

Nilijua hilo Jumanne saa tano asubuhi, na sikulisema.

*

Tulirudi Mlali kwa basi la mchana. Jumatano Lea alikuja kwangu bado amevaa nguo za kazini, hakutaka chai.

"Erasto, wewe unamjua mtoto yule. Kuna nini?"

"Sijui, dada."

"Fikiri basi."

"Nimefikiri."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipokuwa nasema nimefanya kazi ya nyumbani. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Nilikuonea wivu. Nisamehe. Kama ingekuwa sauti yangu ningenyamaza miaka kumi, si miwili." Akaondoka.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi bado sikusema. Nilikuwa na sababu nzuri nzuri. Nilijiambia yule mtoto atapata tu kidato cha tano cha kawaida, kama mamilioni ya wengine. Nilijiambia sauti isiyoulizwa maswali si ya kuaminiwa. Nilijiambia kwamba mlinzi amewekwa mlangoni na Mungu na watu wasimkalishe pembeni. Hoja hizo zote zina ukweli ndani yake. Lakini nilizitafuta baada ya kuamua, na nilijua hivyo.

Alhamisi mchana Nyemo alikuja tukakagua kamba. Kila wiki tunaipitisha yote mikononi, mita arobaini, tukitafuta uzi uliokatika. Yeye alianzia mwisho wake, mimi mwisho wangu. Tulikuwa karibu kukutana katikati.

"Mjomba, nadhani mimi ni mwoga," akasema.

"Nani kasema?"

"Wale wenzangu watatu wamevaa wiki nzima. Mmoja amelala nacho. Mimi dakika nane." Alikuwa anazungumza na kamba, si na mimi. "Nilidhani nina akili. Kumbe nina akili ya Mlali. Ukinipeleka pakubwa kichwa kinagoma. Bora nimejua mapema."

Nikaachia kamba.

Nilikuwa nimehesabu kwamba akishindwa atabaki, na kwamba kubaki hakuui mtu. Sikuwa nimehesabu kwamba atajielezea kushindwa huko, na kwamba maelezo hayo atatembea nayo mpaka uzee. Nayajua maelezo ya namna hiyo. Mimi mwenyewe ninayo, tangu darasa la tano.

"Si woga," nikasema. "Ile sauti haivuti pumzi."

Hakuuliza maana yake. Nilimwona akiirudia kichwani, akiisikiliza, na uso wake ukafunguka, halafu ukajifunga.

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua."

"Mama alikuja kukuuliza jana."

"Nikamwambia sijui."

Akaviringisha kamba mkononi, akaifungua, akaiviringisha tena. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ukishindwa unabaki. Na ukibaki naongea na wewe."

Nilidhani atainuka aondoke. Hakuinuka. Machozi yalimtoka lakini hakuyajali, aliyaacha yashuke kama jasho.

"Umenifanya nijione mjinga siku mbili."

"Ndiyo."

"Hilo ni baya sana, mjomba."

"Ni baya. Sina la kujitetea."

Kuku wa jirani akapita katikati yetu, akaichunguza kamba, akaona si chakula, akaondoka. Nyemo akafuta uso kwa kiwiko.

"Basi niambie nifanye nini."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Una maoni kuhusu maharage ya mama, huna maoni kuhusu hili?"

"Ninayo. Nataka ubaki. Nataka kuliko ninavyotaka kitu chochote, umeona mwenyewe nimefanya nini. Ndiyo maana usinisikilize. Mimi niliacha shule kwa sababu nilichoka kuchapwa, na hakuna aliyekaa na mimi hivi kwenye kamba kuniuliza. Nimekosea peke yangu, najuta peke yangu, ni nafuu kidogo. Wewe ukiamua kwa ajili yangu, siku ukijuta utanitazama, na mimi nitakuwa mzee, sitaweza kukimbia."

Akacheka, kidogo, puani. Kisha akakaa kimya muda ambao, ningekuwa chini ya kisima, angekuwa amenivuta mara kumi.

"Nataka kwenda," akasema. "Nilitaka tangu barua ilipofika. Nilikuwa nangoja uniambie nisiende, ili nikukasirikie, halafu niende."

"Basi kasirika."

"Nimeshakasirika. Si hilo tena." Akaivuta kamba kwake, pole pole. "Ninaogopa kuwa yule mmoja kati ya kumi. Nirudi unisalimie, nisikie jirani."

Nikamwambia majirani zangu wengi nawapenda, na hilo halikumsaidia, wala mimi.

Tukamaliza kamba. Hakukuwa na uzi uliokatika. Nikampigia Bi Kivuyo, nikamwambia wanirekodi upya na wasiondoe pumzi.

*

Kesho yake asubuhi walikuja na gari lao mpaka kisima cha zahanati. Kijana wa mitambo alinifunga kidude cha kunasa sauti kifuani, akanifundisha nisikiguse. Nilimwambia chumba chake cha sponji ni kizuri kwa watu wenye kazi nyingine. Alikuwa mnyenyekevu siku hiyo.

"Zungumza chochote, mzee," akasema.

"Hilo ndilo ninalojua."

Nikashuka. Nyemo akasimama mahali pake. Nilichimbua ule ufa wa mashariki kwa saa nne na kuongea saa nne, nikihema, nikitema vumbi. Nilieleza udongo. Nilimweleza habari za Amoni, ambaye hakumwona sana. Nilimweleza habari za mama yake akiwa mdogo, alivyonibeba mgongoni mpaka shule siku niliyokataa kutembea. Mara mbili sauti ilinikatika na si kwa sababu ya hewa, na mara zote mbili winchi haikulia. Alijua tofauti.

Saa tisa mchana wakamvalisha kifaa, palepale chini ya kivuli cha tangi la maji. Tukangoja. Dakika nane zikapita, kumi na moja zikapita. Dakika ya ishirini Nyemo akanyoosha mkono bila kufumbua macho, akaomba kalamu.

Bi Kivuyo akageuka upande. Lea akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu tumzike mama yetu. Nikaweka kidole gumba kwenye fomu.

Punje waliiweka Jumatatu, Dodoma. Niliruhusiwa kuongea na Nyemo mpaka saa mbili kamili asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi, maneno makubwa. Tulipokaa kwenye benchi nikamuuliza kama amebeba sabuni. Akasema amebeba. Nikamuuliza kama amebeba sweta, kule shule ya Sikio kuna baridi. Akasema amebeba mbili. Akaniambia nisishuke na yule kijana mpya atakayesimama juu badala yake mpaka nimzoeshe, anasikiliza redio akiwa kazini. Nikamwambia nitamzoesha.

"Sema kitu kingine," akasema. Saa ya ukutani ilibakiza dakika mbili.

"Kitu gani?"

"Chochote. Ongea tu."

Nikaongea. Nilimweleza benchi tulilokalia, mbao zake, misumari iliyopigwa vibaya. Alifumba macho. Muuguzi alipokuja nilikuwa kwenye msumari wa tano, na sikuufikisha mwisho.

Alitoka saa nne, ana plasta nyeupe nyuma ya sikio la kulia. Mama yake alimkumbatia na kumsemesha maneno ya watu wawili, yake na yangu. Mimi nilisimama karibu na mlango, mikono mfukoni, meno nimeyabana. Nilikuwa nimekusudia kusema pole. Neno lilifika mdomoni likakaa hapo, zito, kama jiwe unalokosa pa kulitua.

Nyemo akanitazama juu ya bega la mama yake. Kichwa chake kiliinama kidogo upande wa kulia, kama mtu aliyeitwa kwa sauti ya chini. Akasikiliza. Kisha akacheka, akajiziba mdomo haraka, kama tunavyocheka kanisani.

Nilikuwa nimemwambia kitu. Sikujua ni nini.